Yai moja analoachiwa kuku

Swali: "Shikamoo mwalimu. Niko fomu siksi. Nimemaliza riwaya ya George Orwell inayoitwa 1984 wiki iliyopita, kabla yake nilisoma Shamba la Wanyama, yake hiyohiyo. Kinachonisumbua ni kwamba kila riwaya ya udikteta lazima kuwe na watu wawili wanajificha kufanya mapenzi, halafu tunaambiwa huo ndo uasi. Mimi naona ni kisingizio cha kuweka mambo ya chumbani tu. Na kama kweli silika ya binadamu ina nguvu kuliko dola, mbona wote wanashindwa mwishoni?"

Marahaba mdogo wangu. Umeuliza maswali mawili kwa mpigo na la pili ndo zito, ila acha nianze na la kwanza maana hilo halichukui muda. Si kisingizio. Mtu anayetaka kuuza kitabu kwa mambo ya chumbani haandiki kama Orwell alivyoandika pale porini, jamaa, Winston, anamwambia Julia, binti wa miaka 26, kwamba yeye ana miaka 39, ana mke asiyeweza kuachana naye, mishipa ya miguu imevimba na meno matano ni ya bandia, hayo ndo maneno yake ya kutongozea, afu tendo lenyewe linapitiwa haraka haraka. Kinachobaki kichwani ni ile kauli inayofuata, kwamba lilikuwa pigo kwa Chama kinachotawala, kwamba lilikuwa tendo la kisiasa. Hapo ndo wengi wanaishia, wanapigia mstari hiyo kauli, wanaandika kwenye insha "silika inashinda udikteta", wanapata maksi zao wanaondoka. Wewe hujaridhika na umefanya vizuri, manake hayo ni macho ya Winston, na Winston kwenye kile kitabu anakosea mara nyingi tu.

Tuache mapenzi kwanza, tuongee kuku.

Umewahi kuingiza mkono chini ya kuku anayeatamia? Mimi nimekulia kwa bibi na kazi ya kuokota mayai ilikuwa yangu. Yule yule kuku ambaye jana ukikohoa tu anakimbilia kwa jirani, siku akishaanza kuatamia hakimbii tena, anatuna manyoya, anakoroma, na mkono unarudi na alama. Sasa bibi alinifundisha kitu kimoja, usizoe yote, mwachie moja. Ukimwachia moja kesho anarudi palepale anataga tena, wala hana habari kwamba jana umebeba matano. Ukizoa yote anahama, anaenda kutaga vichakani huko na mayai yake huyaoni tena mpaka siku anatokea na vifaranga.

Haya, rudi Shamba la Wanyama, sura ya saba. (Wengi wetu tulikutana nacho kwenye tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya mwaka 1967, kama umesoma hiyo basi tuko pamoja.) Chakula kimekata, Napoleon, yule nguruwe anayetawala shamba, ameingia mkataba wa kuuza mayai 400 kila wiki ili shamba lipate nafaka. Kuku ndo kwanza wamejikusanyia mayai ya kuatamia kwa ajili ya masika, wanasema kuyachukua sasa hivi ni mauaji. Wanaongozwa na mitetea mitatu michanga, wanapanda juu kwenye kenchi na kutagia huko huko, mayai yanaanguka yanapasukia sakafuni, bora yapasuke kuliko yauzwe. Orwell anasema wazi kwamba hicho ndo kitu cha kwanza kinachofanana na uasi tangu Jones mwenye shamba afukuzwe. Hebu angalia nani hayumo. Boxer farasi, mwenye nguvu kuliko wote, hayumo. Benjamin punda, anayesoma vizuri kama nguruwe yeyote na anayejua kila kinachoendelea, hayumo. Hao kuku hawana nadharia wala hawakufanya kikao, kauli mbiu za shamba wanazijua kama kila mtu na hazijawahi kuwasaidia kitu. Kilichowapandisha kwenye kenchi ni joto la mayai chini ya tumbo.

Na walivyoshindwa ndo jibu la nusu ya swali lako la pili. Napoleon hakuwahubiria. Aliwakatia chakula, akatangaza kwamba mnyama yeyote atakayempa kuku hata punje moja ya mahindi atauawa, mbwa wakawekwa kusimamia. Siku tano. Kuku tisa wakafa, wakazikwa, ikatangazwa wamekufa kwa ugonjwa wa kuku, waliobaki wakashuka wakarudi kwenye viota vyao. Yaani silika ya kuatamia iliwapandisha, njaa ikawashusha, na njaa nayo ni silika vilevile, wala haijatoka mbali, iko tumbo hilohilo. Hapa ndo ninapotofautiana na wenzangu wengi wanaofundisha mada hii. Wanaongea kana kwamba silika iko upande mmoja na dola iko upande wa pili zinavutana kamba. Silika ni nyingi na hazijachagua upande. Dola ikikuta moja inapigana nayo, inaitafuta nyingine inayoweza kufanya nayo kazi.

(Kuna na yule farasi jike Mollie anayeuliza kama sukari itakuwepo baada ya mapinduzi na kama ataruhusiwa kuvaa ribini. Darasani huwa tunamcheka. Ila mwangalie tena, ndo mnyama wa kwanza kuondoka pale kwa miguu yake mwenyewe, na anaondoka kwa sababu ya sukari. Tatizo ni kwamba anaenda kufungwa kwenye mkokoteni wa bwana mwingine.)

Kosa la Napoleon ni kuzoa mayai yote. Watawala wenye akili kwenye riwaya hizi wanafanya kama bibi yangu. Kwenye 1984 wale watu wa kawaida, waliojaa mitaani, hakuna anayewakataza ngono. Ndani ya Wizara anakofanya kazi Winston kuna kitengo kizima cha kutengeneza vitabu vya matusi kwa mashine kwa ajili yao, na nani aliwahi kufanya kazi pale? Julia mwenyewe. Wamewekewa na bahati nasibu, na bia, na nyimbo za mapenzi zinazotungwa na mashine. Hilo ndo yai lao moja. Ni watu wa Chama tu ndo wamezolewa yote, na sababu anaitoa Julia, si Winston mwenye vitabu vyake: mtu akishafanya mapenzi ametumia nguvu zake, anajisikia vizuri, hana hamu ya kuandamana na kupiga kelele kumzomea adui, sasa Chama kinazitaka hizo nguvu zichachuke humo ndani mpaka zigeuke chuki na shangwe. Hilo ni somo la siasa lililo wazi kuliko kurasa zote za kile kitabu cha siri ambacho Winston anamsomea, na yeye Julia anasinzia. Nilivyokuwa kijana nilimdharau kwa kule kusinzia. Siku hizi namwelewa, alishayajua.

Winston anamtania kwamba uasi wake unaanzia kiunoni kushuka chini, na Julia anaona ni utani mzuri sana anamkumbatia. Watu wanausoma kama kumsuta. Mi nauliza hivi, kati ya hao wawili nani alikuwa anaidanganya dola miaka na miaka huku amevaa ule mkanda mwekundu wa umoja wa vijana wa kupinga ngono kiunoni, na anajitolea kwenye shughuli zote za Chama kwa bidii kuliko wenzake? Sheria ndogo anazishika ili azivunje kubwa, anasema hivyo mwenyewe. Huyo ni mtu wa mtaani kabisa tunamjua.

Ila Orwell aliyenikamata zaidi hayuko porini, yuko kwenye kile chumba cha kupanga juu ya duka la vitu vya zamani. Julia anakuja na begi la vifaa vya kazi, anapangua spana zilizoko juu, chini kuna sukari ya kweli, mkate mweupe, jemu, kopo la maziwa, na kifurushi kimefungwa vizuri sana, kahawa. Wao wamezoea kahawa feki ya Chama. Wanavyoichemsha harufu inakuwa kali mpaka inabidi wafunge dirisha, wanaogopa mpita njia asije akaisikia akaanza kudadisi. Mtu aliyekaa uswahilini anaelewa hilo haraka kuliko profesa yeyote wa Ulaya. Unaweza kuficha mgeni, unaweza kuficha pesa, ila samaki wa kukaanga huwezi kumficha, nyumba nzima ya kupanga watajua leo kwako kuna nini. Mwili una habari ambazo zinavuja. Dola inaweza kufuta gazeti la jana, kazi ya Winston ndo hiyo, lakini pua yake inaikumbuka kahawa ya utotoni na hakuna faili la kufuta pale.

Sasa sikiliza uchungu wake. Kile chumba kilikuwa yai. Mwenye duka ni Polisi wa Mawazo, nyuma ya picha ukutani kuna skrini inawaona, na baadae O'Brien, mkubwa wa Chama anayemtesa, anamwambia Winston amekuwa akimwangalia miaka saba. Walijua. Walimwachia kitanda, kahawa, na mwanamke anayempenda, ili aendelee kurudi palepale kutaga.

Kama nia ni kujua silika inaweza nini na haiwezi nini, lazima nikurudishe nyuma kidogo kwa mzee mmoja wa Kirusi, Yevgeny Zamyatin, aliyemtangulia Orwell kwa karibu miaka 30. Injinia wa meli, aliwahi kukaa Uingereza akisimamia ujenzi wa meli za kuvunja barafu. Riwaya yake, kwa Kiswahili tungeiita "Sisi", aliiandika mwaka 1920 na 1921, kwao ikazuiwa, ikatoka New York kwa Kiingereza mwaka 1924, na Urusi yenyewe ikaja kuchapwa 1988 wakati mwenyewe ameshafia Paris tangu 1937. Orwell aliisoma akaiandikia uhakiki Januari 1946, kabla hajamaliza 1984, na ukisoma zote mbili utaona alichochukua.

Kule kwa Zamyatin watu hawana majina wana namba, nyumba ni za vioo, wote wanaamka dakika ile ile wanatafuna kwa idadi moja. Na ngono? Imeruhusiwa kabisa! Unapimwa damu, unapangiwa siku zako kwenye jedwali, unapewa kitabu cha kuponi za pinki, unamjaza namba yeyote unayemtaka, ukifika unakabidhi kuponi na mnaruhusiwa kushusha mapazia. Kila namba ina haki juu ya namba nyingine kama bidhaa. Yaani serikali imegawa ashki kama mchele wa duka la ushirika. Kinachokatazwa pale ni kitu kingine, na Kiswahili kinakisema vizuri kuliko lugha nyingi. Sisi tunasema "nina hamu", na tunasema "nina hamu naye". Angalia hiyo "naye". Hamu ya kwanza ina kuponi. Ya pili haina, kwa sababu haikubali mbadala, umpe mtu wengine kumi wazuri zaidi atakwambia sijawaomba hao.

Msimuliaji wake, D-503, injinia mtiifu kupindukia, ana aibu moja tu, mikono yake ina manyoya kama ya nyani, kitu kimebaki cha zamani ambacho serikali haijafanikiwa kukinyoa. Anakutana na I-330, mwanamke anayevuta sigara na kunywa pombe, na mahesabu yanaanza kumkataa. Anaenda hospitali, daktari anamwambia hali ni mbaya, inaonekana umeota roho. Nacheka kila nikifika hapo. Ila huyo I-330 naye ana shida zake, unasoma mpaka mwisho hujui kama alimpenda yule bwana au alikihitaji chombo cha anga ambacho D-503 anakijenga, na mi nadhani Zamyatin aliiacha hivyo makusudi, hamu ya mmoja inaweza kuwa kamba mkononi mwa mwingine hata kama huyo mwingine ni mwanamapinduzi.

Halafu akaja Aldous Huxley mwaka 1932 na Brave New World, akazoa sifuri akaacha mayai yote. Kila mtu ni wa kila mtu. Huzuni ikikugusa unameza kidonge kinachoitwa "soma", imeisha. Kuna kipande kidogo kule mwanzoni huwa nawasomea wanafunzi, Lenina anakaripiwa na rafiki yake, kisa ametoka na mwanaume mmoja tu kwa miezi minne! Kwenye dunia ile hiyo ndo aibu, kumganda mmoja. Ni "naye" ileile ya Zamyatin. Na mtu anayegoma kule ndani, John, anagoma kwa kujinyima, anadai haki ya kuteseka, anajichapa mijeledi, mwisho anajinyonga, kwa hiyo ile kanuni ya "tamaa ndo uasi" kwa Huxley haifanyi kazi kabisa, usiipeleke huko kwenye insha utaumbuka. Huxley huyu aliwahi kumfundisha Orwell Kifaransa shuleni Eton, na Oktoba 1949, miezi michache baada ya 1984 kutoka, alimwandikia barua ya pongezi ambayo ndani yake anamwambia kwa adabu zote kwamba watawala wa kesho watagundua kumzoesha mtu tangu mtoto na kumlewesha kunalipa kuliko virungu na magereza. Kwa lugha ya bibi, mwanafunzi wangu, umesahau kuwaachia yai.

Usidhani haya ni ya vitabuni. Urusi ya Stalin ilipiga marufuku kutoa mimba mwaka 1936 na kuibana talaka. Romania ya Ceaușescu mwaka 1966 ilitoa amri namba 770 kufanya hivyo hivyo, wanawake wakawa wanapimwa makazini kuangaliwa kama wana mimba, na wasio na watoto wakatozwa kodi. Margaret Atwood aliyeandika The Handmaid's Tale (1985) alianza kuiandika akiwa Berlin Magharibi, upande wa pili wa ukuta kuna dola hasa, na amesema hakuweka humo kitu ambacho binadamu hawajawahi kukifanya. Kwake silika imeshuka mpaka kwenye kitu kidogo kabisa: mwanamke aliyefanywa chombo cha kuzalia anaiba kipande cha siagi mezani, anakificha kwenye ncha ya kiatu, usiku anajipaka usoni na mikononi kwa sababu wamenyimwa mafuta ya ngozi. Hakuna mwanaume hapo, hakuna mapenzi. Ni ngozi tu inataka isikauke, na mwenye ngozi anaamini kuna siku itaguswa tena. Mi kipande hicho nakipenda kuliko mahaba yake yote na yule dereva.

Na hapa kwetu pia, usiende mbali, soma Rosa Mistika ya Kezilahabi (1971). Siyo serikali pale, ni baba mlevi kule Ukerewe anayemtandika bintiye kwa barua ya mvulana. Binti anajifunga, anakuwa mtakatifu wa kuogopa wanaume, afu siku anafika mbali na kiboko cha baba kila kitu kinapasuka na kinammaliza. Silika iliyobanwa ikitoka haitoki na akili zake.

Haya sasa, mbona wanashindwa. Turudi 1984, Chumba namba 101, chumba cha mateso. Winston amepigwa, amekiri kila kitu, amekubali mbili na mbili ni tano, lakini bado hajamsaliti Julia. Ndo wanaleta panya. Na O'Brien kabla ya kufungua kizimba anamweleza kitu ambacho wanafunzi wengi wanaruka: ukianguka kutoka juu ukashika kamba huo si uoga, ni silika tu, haiwezi kukataliwa. Soma hapo mara mbili mdogo wangu. Mtesaji mwenyewe ndo anatamka neno silika, yeye ndo mtaalamu wake mkubwa kwenye kitabu kizima. Hajaleta hoja mle chumbani kaleta panya, na Winston anapiga kelele mfanyieni Julia, si mimi, Julia.

Wakija kukutana baadae bustanini, mwezi wa tatu, baridi, anamshika kiuno, na hakuna anayewakataza tena, wangeweza kulala pale pale chini wakitaka. Hawataki. Wote wawili wameambiana wazi kwamba kila mmoja alimsaliti mwenzake. Mwili upo, Winston anakunywa jini lake, ana mshahara, uchu wa kawaida hajanyimwa. Iliyokatwa ni ile "naye". Na ndo maana mwisho wa kitabu haukuandikwa kwamba alimtii Kaka Mkubwa, yule kiongozi wa Chama, utii walishaupata zamani, imeandikwa alimpenda. Ile hamu haikuuliwa, ilihamishiwa akaunti nyingine.

Kwa hiyo kwenye insha yako mi ningeanza na kuku, nikaja kahawa, nikamaliza na panya, na mapenzi ya porini ningeyapa aya moja tu.

Ila neno "wote" kwenye swali lako halijakaa sawa. Rudi kwa Zamyatin, kuna O-90, mwanamke mnene mnene anayedharauliwa na kila mtu mpaka na msimuliaji. Serikali imemnyima ruhusa ya kuzaa kwa sababu ni mfupi kwa sentimita 10 kuliko kipimo cha mama. Siasa hana, nadharia hana, mapinduzi hayamhusu. Anataka mtoto, na anamtaka wa D-503 si wa mwingine, anamwomba ampe huku akijua adhabu yake ni kifo. Anashika mimba. Mwisho wa kitabu D-503 ameshafanyiwa upasuaji wa kuondolewa ubunifu wa mawazo, amekaa anaangalia I-330 akiteswa kwenye kengele ya gesi, mara tatu wanamzimisha na kumwamsha na hatamki neno, kesho yake wanaenda kumuua. O-90 hayupo pale. Yuko nje ya ukuta wa mji, tumbo mbele, kwenye majani, na kitabu hakimfuati huko.